Kusimulia Novela kwa Walio Edani

Nyinyi mnaosoma matangazo kwenye redio ya jamii hapa Palma mliniuliza, siku ile mlipokuja kunitazama na kilo yenu ya sukari, kazi yangu ilikuwa inaitwaje. Haikuwahi kuwa na jina. Mzee Abudo, aliyenifundisha, alikuwa akisema tu, "Somoe ndiye mdomo wa televisheni," na watu walielewa. Sasa banda lake la televisheni limevunjwa na mdomo umepumzika, basi naandika. Shule nilisoma kwa Kireno. Kiswahili cha kuandika nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya Mtwara yaliyokuja yamefungiwa maandazi. Palipo na doa la mafuta mtanivumilia.

Niliacha shule darasa la tano. Mama alifariki katika uzazi wa Amade, mdogo wetu wa mwisho, na baba hakukaa sana nyuma yake. Nikabaki mimi mkubwa, na Zainabo, na Fatima, na mtoto mchanga anayelia kutwa. Jirani yetu Bi Atija, mke wa Mzee Abudo, wakati ule alikuwa akimnyonyesha mwanawe Saidi. Alikuja, akamchukua Amade mikononi mwangu, akamweka kwenye titi la pili. Alimnyonyesha mpaka akaota meno na kumng'ata. Kwa dini yetu Amade akawa mwanawe wa kunyonya, anaingia chumbani kwake kama anavyoingia Saidi. Nalitaja hili mapema kwa sababu mbele litatufaa.

Kabla ya banda nilifua na kupiga pasi kwa Dona Lurdes, mke wa afisa mmoja aliyeletwa kutoka kusini. Dona alikuwa na televisheni na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kila novela, ile tamthilia ya kila jioni, ilipoanza aliniita, nikasimama karibu yake na pasi mkononi, akanieleza nani ni nani na nani anamdanganya nani. Kireno cha shule kilikuwa cha mvua inanyesha na ng'ombe anatoa maziwa. Kireno cha Dona kilikuwa cha wosia, talaka, usaliti na kuzimia. Mumewe alipohamishwa alinipa sufuria mbili, akalia. Nikawa mtu anayejua kugombana kwa Kireno kuliko anavyojua kununua chumvi.

Banda la Mzee Abudo lilikuwa la miti na udongo, paa la makuti, na dishi kubwa uani lililoshikiliwa na mawe ili lisiondoke na upepo. Televisheni ilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye milango na kufuli. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake na watoto mikekani, na jenereta lilinguruma nyuma. Mzee Abudo alikipata Kireno chake kwenye mashamba ya mkonge. Alisimama kando ya sanduku na kijiti cha mwanzi, akamwonyesha kwa kijiti yule anayesema, kisha akamsemea kwa Kiswahili, na akitupia Kimwani kidogo wakiwepo wageni wa kutoka Quiterajo. Alikuwa hodari kwa wazee na polisi. Tatizo lake lilikuwa mabinti. Akimsemea msichana anayechumbiwa kwa ile sauti yake ya shambani, upande wa mikekani wote ulianguka kicheko, na jambo la huzuni likaharibika.

"Somoe," aliniambia siku moja akiwa anafunga sanduku, "njoo unisaidie mabinti."

Siku ya kwanza nilishika kijiti kama mtu anayeshika nyoka. Nilitaka kutafsiri kila neno. Watu wawili kwenye kioo wakagombana, wakapatana, wakaondoka na gari, na mimi bado niko kwenye salamu zao. Mtu mmoja wa mabenchini akasema, "Mwacheni bibi wa watu, huyu anasemea novela ya jana." Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Abudo hakunipokonya kijiti. Watu walipotoka aliniambia, "Wa kwenye kioo hakungoji, kwa hiyo usimfukuze. Msikilize amalize. Tupa nusu. Iliyobaki ndiyo useme." Mpaka leo sijapata fundisho la kazi lililozidi hilo. Yaliyofuata yalikuwa madogo: tafuna tangawizi, usinywe maji ya baridi, usicheke kabla ya watu, na watu wa kwenye kioo wakianza kubusiana, sema, "Wanaagana."

Hili la kuagana lilitufaa miaka mingi. Palikuwa na novela moja ambayo kijana na mchumba wake walikuwa hawana kazi nyingine. Bibi mmoja wa mikekani akachoka. "Hawa wanaagana tangu Jumatatu," akasema. "Mbona hawaondoki?"

"Kuna mvua kwao, bibi," nikajibu.

Banda zima lilijua. Bibi naye alijua. Lakini baba aliweza kukaa na bintiye chini ya paa moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya lile neno.

Amade nilimbeba mgongoni. Alipokuwa mzito nilimlaza nyuma ya sanduku la televisheni, ambako kulikuwa na joto zuri, akalala mpaka tulipozima jenereta.

Sasa niwaambie upande wa pili wa kazi, ule ambao wengi wenu hamkuuona. Mnajua kwamba msiba ukiingia mtaani televisheni hufunikwa kanga mpaka hitima isomwe. Banda nalo lilifungwa, na hakuna aliyelalamika. Lakini hitima ikishapita wengine wanarudi mikekani, na mjane anabaki ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Novela haimngoji. Mzee Abudo aliona hilo si haki. "Mtu amefiwa na mume," alikuwa akisema. "Kwa nini afiwe na novela pia?"

Yeye mwanamume hakuweza kuingia kwa mwanamke aliye edani. Hapo mwanzo alikuwa akimtuma Bi Atija. Bi Atija hakujua Kireno, alikuwa akisikiliza bandani na kupeleka alichokumbuka. Tena alikuwa hapendi kabisa mtu mbaya afanikiwe, kwa hiyo kwa Bi Atija watu wabaya walikufa mapema. Wajane wakitoka edani walikuja bandani wakakuta maiti wanatembea na kuagiza kahawa. Nadhani ndiyo sababu hasa niliitwa. Hayo ya mabinti yalikuwa ya kunivutia tu.

Nilikwenda baada ya alasiri. Unakaa mkekani karibu na mlango, unasalimia, unauliza habari ya watoto, kisha unaanza pale ulipoishia. Huna kioo, huna muziki, huna kijiti. Lazima utie nyumba, nguo, mvua, namna mtu alivyogeuka. Shehe mmoja aliuliza kama jambo hilo linafaa. Kwa bahati mama yake mwenyewe alikuwa edani wakati ule, na ni yeye aliyemjibu. Sikusikia tena swali hilo.

Wa kwanza aliyenishinda alikuwa mjane kijana, mumewe aliondoka kwa homa ya siku chache. Kwenye novela yakaja mazishi. Bwana mmoja mwenye kofia, mtu mwema, akafa na kuzikwa. Nilifika kwa yule mjane, nikamtazama, nikayaruka. Akaniuliza, "Na yule bwana wa kofia?"

"Amesafiri."

Akasema, "Dada Somoe, hivyo ndivyo wanavyoniambia niwaambie watoto."

Nilirudi kwa Mzee Abudo nimeinamisha kichwa. Alikuwa anasafisha plagi ya jenereta kwa msasa, hakuiacha. "Kesho rudi ukamzike," akasema.

"Atalia."

"Na alie. Mwambie polepole, wala usitie maneno yako."

Nikarudi, nikamzika yule bwana wa kofia, polepole, na udongo wake na watu wake. Mjane alilia mpaka kanga ikalowa. Alipotulia akaniuliza kofia ameichukua nani. Sijaruka kitu tena tangu siku hiyo, zaidi ya wale wanaoagana.

Kisha ikaja gesi. Meli zilizokuwa zikipima bahari tulizizoea, tukawazoea na watu wake, na magari meupe yanayokimbia kana kwamba barabara yetu inaungua. Nyumba zenye nafasi zikawa za kupangisha. Mnara wa simu ukasimama. Vijana waliokuwa wakikaa mabenchini wakaanza kukaa huku wameinama, nyuso zinang'aa kwa chini. Amade alikuwa mtu mzima sasa. Alifungua kibanda kando ya njia ya kwenda kambi ya wafanyakazi wa gesi, akaweka kompyuta na waya nyingi, akawa anajaza kadi.

Kwa wasiojua: kadi ni kile kipande kidogo kuliko ukucha kinachoingia ndani ya simu. Mtu aliileta tupu, akaondoka nayo ina novela nzima, tangu siku ya kwanza mpaka harusi, na filamu za ngumi juu yake kama nyongeza. Vyote vimeshushwa kutoka mtandaoni, na walioviweka huko hawakumwomba mwenyewe. Mimi niliuita wizi, na nilimwambia hivyo usoni.

"Dada, nimerudufu tu," alisema. "Cha mwenyewe kipo palepale alipokiweka. Hakikupungua."

"Na watu wangu wa mikekani hawakupungua?"

Walikuwa wamepungua kweli. Wakati ule tulikuwa na novela ya Rosa, mwanamke mfuaji aliyenyang'anywa mtoto wake mchanga, akaja kupata kazi ya kufua katika nyumba ambamo yule mtoto, Luísa, amekulia bila kujua. Watu wetu walimwita Rosa Mama Sabuni. Bwana wa ile nyumba, aliyeifanya dhuluma yote, walimwita Mkunga, kama yule samaki mrefu wa mwambani, kwa ajili ya kinywa chake. Hapo zamani novela kama hiyo ingelijaza banda mpaka mlangoni. Jioni moja kijana aliyekaa na simu yake akasema kwa sauti, bila hata kuinua uso, "Wiki ijayo Mkunga anachoma ghala." Na wiki iliyofuata Mkunga akachoma ghala. Mimi nilikuwa nimelisimulia lile ghala kwa nguvu zangu zote, moshi na mbwa na kila kitu, na watu wananitazama kama mtu anayeuza mkate wa juzi.

Nilimwambia Amade kadi zake zisivuke mlango wangu. Alitii. Hivyo ndivyo alivyo, hubishia hoja, hutii amri. Kila alipokuja kula aliziweka nje, juu ya kinu kilichoinamishwa, na mvua ikinyesha alizifunika kwa sufuria moja ya Dona. Tulikula tukizungumza habari za Zainabo na Fatima na watoto wao. Kazi hatukuigusa, yake wala yangu.

Katika hali hiyo Mzee Abudo akaugua kifua, akafariki. Tukaifunika televisheni, na haikufunuliwa tena. Saidi, ambaye siku nyingi anafanya biashara Mtwara, alikuja kumzika baba yake akakuta watu wanakiulizia kiwanja ili wajenge vyumba vya wafanyakazi wa gesi. Akaamua hivi: mama amalize eda nyumbani kwake, kisha amchukue wavuke naye Rovuma, akae kwake. Ni uamuzi wa mtoto mwema na simlaumu. Bi Atija peke yake angekaa na nani?

Basi ikawa zamu ya kumsimulia yule aliyekuwa akisimulia kabla yangu. Novela niliitazama kwa jirani, nimesimama dirishani nikiona nusu ya kioo, na baada ya alasiri nikaipeleka. Bi Atija alikuwa msikilizaji mgumu. Kila nilipovuta pumzi alisema, "Haya, kisha?" Na kila Mkunga alipoingia alisema, "Huyu bado hajafa?"

"Hajafa, Bi."

"Kwangu mimi angekuwa ameshaoza."

Siku moja akaniuliza novela itaisha lini. Nilikuwa nimeshauliza kwa wanaojua. Televisheni ilikuwa nyuma sana, ingemaliza Bi Atija akiwa ng'ambo muda mrefu. Nikamwambia.

"Mtwara hawaionyeshi?"

"Hawaionyeshi."

Alikuwa anakunja kanga. Akaikunjua, akaanza upya. "Kwa hiyo nitavuka mto bila kujua kama yule mtoto alimjua mama yake."

"Nitakupigia simu nikuambie."

"Simu inakatika, Somoe. Na wewe kwenye simu unasema mbio. Nataka ukae hapo ulipokaa uniambie." Kisha akasema, kana kwamba ananituliza mimi, "Si kitu. Ni novela tu."

Nilikwenda nyumbani na lile "si kitu" likanikaa kama mwiba wa samaki. Mwanamke huyu hajawahi kuniomba jambo. Alimpa ndugu yangu maziwa, na sisi wengine uji kila asubuhi mpaka nilipopata kazi. Katika miaka yote hiyo hakusema hata mara moja kwamba yeye ndiye aliyetulea. Kitu kimoja alikitaka, na kitu hicho kilikuwa ndani ya kompyuta ya Amade.

Nilikwenda baada ya adhuhuri, wakati wateja ni wachache. Amade alikuwa amepinda juu ya waya. "Karibu, mteja," akasema, kisha akainua macho. "Dada. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka Mama Sabuni. Mpaka mwisho."

Akaweka waya chini taratibu. "Kadi umekuja nayo?"

"Nimekuja na miguu."

"Kwa hiyo leo wizi umekuwa halali?"

"Leo umekuwa wa Bi Atija," nikasema, nikamweleza.

Hakutania tena. Akafuta kigoda kwa shati lake, akarudisha nusu ya mlango. Sehemu nyingi alikuwa nazo, lakini zile za mwisho hakuwa nazo. Nilishangaa. "Wateja wangu hawamalizi," akasema. "Wakifika katikati wanahamia nyingine."

Zilizobaki ilibidi azishushe mtandaoni, na saa zile kambi yote iko mtandaoni, ikizungumza na wake zake. Kwenye kioo kukawa na kiduara kinachozunguka. Wakati kinazunguka tukaanza kutazama zilizokuwepo kwenye simu yake, tumegawana waya wa masikioni, sikio moja yeye, sikio moja mimi, tumegusana mabega. Picha zilikuwa mbovu. Maandishi ya kigeni yalipita kwenye paji la uso la Rosa, na midomo ilitangulia maneno, kama mimi siku yangu ya kwanza. Sikujijua nikaanza kumsemea Rosa kwa Kiswahili, chini chini. Mara nikasikia Mkunga anajibu, kwa ile sauti niliyowapa watu wabaya wote tangu zamani, na pale ninapokohoa kabla ya uongo wao, Amade naye akakohoa.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma ya sanduku. Kwani ulidhani nilikuwa nalala?"

Tuliendelea hivyo, mimi wanawake na yeye wanaume, mpaka kiduara kikasimama kabisa. Amade akatoka nje, akaifunga simu nyingine kwenye mwanzi mrefu, akapanda kwenye pipa na kuinyanyua juu ya paa. Mama muuza samaki wa upande wa pili akamuuliza anavua nini.

"Mtandao, mama."

"Na leo wanauma?"

"Wanadokoa tu."

Nilimshikia pipa. Mara mikono ikamchoka, nikaushika mwanzi mimi, na nikaona ajabu kidogo kusimama tena na mwanzi mkononi. Adhana ya magharibi haijatoka, mwisho wa novela ukawa umeshuka wote. Tuliutazama pale pale, na sisi wawili hatukusemea neno.

Amade akaja nami kwa Bi Atija. Ndiye mwanamume pekee hapa Palma aliyeweza kuingia mle chumbani, kwa ajili ya yale maziwa. Akatoa simu. "Mama, iko hapa nzima. Tazama mwenyewe."

Bi Atija akaisukuma kwa kidole. "Mimi nimo edani, na macho yangu si ya kioo cha ukubwa wa kitumbua. Iweke chini. Dada yako aseme."

"Basi nirekodi sauti, uende nayo Mtwara."

"Rekodi. Lakini usikohoe."

Tulikwenda alasiri kadhaa, kwa sababu Bi Atija alitaka nirudi nyuma nianzie kwenye ghala, na kutoka hapo mpaka mwisho palikuwa mbali, na sikuruka. Simu ilikaa mkekani katikati yetu kama mgeni. Siku ya mwisho nikamfikisha Bi Atija uani kwa Mkunga, ambapo Rosa anaanua nguo na Luísa, kwa kuwa mvua inakuja, anatoka kumsaidia. Wameshika shuka, huyu ncha hii, huyu ncha ile. Wanakunja. Rosa ana mkunjo wake, anaingiza pembe ndani kwanza kabla hajakunja upana, hakuna mwingine mle ndani anayekunja hivyo. Na Luísa anaingiza pembe ndani. Wakakutana katikati na shuka lao, mikono juu ya mikono, na mtoto akatazama chini kwenye vidole.

Nilisema polepole wala sikutia langu. Nilipovuta pumzi Bi Atija hakusema "kisha". Alishika pembe ya kanga yake, akanyoosha mkono, akampangusa Amade uso.

"Huyu tangu zamani machozi yake yako karibu," akasema. Yake aliyaacha yateremke. Baadaye sana akajikohoza. "Haya. Na Mkunga?"

Nikampa na Mkunga. Aliridhika, ingawa aliona serikali ya kule imemhurumia.

Eda iliisha, akaoga, akavaa nguo mpya, Saidi akaja. Banda likavunjwa. Sasa ni vyumba, na kila chumba kina televisheni yake na mtu mmoja wa kuitazama. Niliulizwa kama nataka kazi ya kufua shuka pale, nikasema nimefua za kutosha. Sikufukuzwa na mtu, nasema hili kwa sababu baadhi yenu mnanionea huruma. Siku hizi Amade anapokuja kula huingia na kadi zake mfukoni. Sufuria imerudi jikoni.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda kumwona Bi Atija. Gari likatuharibikia Nhica do Rovuma, kabla ya kufika mtoni, na abiria tukatawanyika kutafuta kivuli. Nikakaa kwenye kibanda cha mwanamke anayeuza mihogo ya kuchemsha. Alikuwa anamenya mingine, na simu yake ameitumbukiza kwenye kikombe cha bati ili sauti ikue. Nilikuwa nakunywa maji. Nikasikia kwenye kikombe ghala linaungua, na moshi, na mbwa, na mwanamke anayesimulia akakohoa kabla ya Mkunga kusema uongo.

Nilishusha maji. "Umeipata wapi hii, dada?"

"Nimerushiwa na mdogo wangu aliyeolewa Quiterajo. Yeye naye sijui karushiwa na nani. Watu wanarushiana tu."

"Na anayesema ni nani?"

"Mama mmoja. Wengine wanasema wa Mtwara. Wengine wanasema alishakufa."

"Mungu amrehemu," nikasema.

"Amin."

Hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilijikagua nikatafuta ile hasira niliyokuwa nayo kwa Amade, ya mtu aliyechukuliwa chake, na sikuiona. Cha mwenyewe kilikuwa palepale kooni, na vumbi la barabara juu yake. Kwenye kikombe kijana mmoja na mchumba wake wakaagana, na mwanamke wa mihogo akacheka peke yake, akatikisa kichwa.

"Unaijua hii, mama?" akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimesogea.

"Kidogo."

"Basi usiniambie kama yule mtoto anamjua mamaye. Nasikiliza kidogo kidogo, nikimaliza kazi."

Nikamwambia sitamwambia. Nikachukua kisu cha pili, nikawa namenya naye. Ndani ya kikombe Rosa alikuwa ameponea motoni, amekaa uani na majivu kwenye nywele, na ile sauti yangu ikanyamaza ili kuvuta pumzi. Mwanamke akasimamisha kisu. Nami nilijua nini kinakuja, nikasubiri. Kutoka chumbani kwake Palma, mkekani, Bi Atija akasema, "Haya, kisha?" na yule mwanamke wa Nhica, muhogo mkononi, akasema pamoja naye, "Kisha?"